Mbwa wa manyoya mengi usimnyoe kisa joto la Oktoba, mchane

Kila mwaka kuelekea 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tunakuwa bize na chanjo, na kwenye ile foleni ndo tunaona mbwa wa mtaa mzima wako hali gani. Sasa Mbeya hii mbwa wa manyoya mengi kama Jemani Shepadi wamejaa, Haski wapo, Spitzi wale weupe wapo, na ikifika Oktoba jua limewaka na mvua bado, wengi wanaletwa wamenyolewa mpaka ngozi inaonekana, ukiuliza unaambiwa "dokta, alikuwa anasikia joto". Najua ni huruma, hakuna anayemnyoa mbwa wake kwa ubaya. Ila ngozi zinazoletwa ofisini baada ya hapo zinatia uchungu, ndo maana naandika.

Mbwa hawa wana manyoya ya tabaka mbili. Juu yapo marefu magumu, chini kuna sufi laini imeshonana. Kazi yake ni kama paa la nyasi, mchana jua halipenyi na usiku baridi halipenyi, ukinyoa umeezua. Na mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema ulimi nje na jasho kidogo la kwenye nyayo, kwa hiyo ule ubaridi unaousikia wewe ukitoka kinyozi yeye haupati. Halafu tukumbuke tunaishi wapi, Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kahewa ka baridi kanatudanganya lakini jua linachoma kwelikweli, na ngozi ambayo haijawahi kuliona inaungua, inatoka malengelenge, usiku huohuo mbwa anatetemeka. Mtu ananijibu "si yataota tu". Hapana jamani! Sufi ndo inawahi kuota, yale marefu yanachelewa, wengine wanabaki na mabaka mwaka na zaidi, na wapo ambao hayarudi tena kama mwanzo.

Kinachomtesa mbwa wako mara nyingi ni sufi iliyokufa ambayo haijatoka, imeziba hewa, imeshika vumbi letu la kiangazi na kupe ndani yake. Kwenye nchi ambazo urefu wa mchana unabadilika sana mbwa hawa wanapukutika zaidi misimu miwili kwa mwaka, huku kwetu mchana haubadiliki sana kwa hiyo wengi wanapukutika kidogokidogo mwaka mzima, na kuchana nako ni mwaka mzima. Chukua kitana cha chuma chenye meno marefu, yagawe manyoya kwa mkono mpaka uone ngozi, chana kufuata yanakolalia, mstari kwa mstari. Usipite juu juu tu. Nenda nyuma ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, makwapani, nyuma ya mapaja, kwenye shina la mkia. Kitana kikitoka na bonge la sufi ya kijivu limejaa vumbi, hilo ndo lilikuwa joto lenyewe. Yakishikana donge usilivute ukakata na mkasi, ngozi inapanda pamoja na donge na tumeshashona wengi, lifumue kwa vidole polepole.

Chana kabla ya kuogesha, maana donge likilowa linakaza. Sabuni ya unga ya kufulia inakausha ngozi, iacheni. Dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe usijipimie kwa macho, njoo uulize. Na akishaoga akauke mpaka ndani, sufi ikilala mbichi unaamka unakuta kidonda kibichi kinanuka.

Kuna jingine linanikera na nalisema wazi. Wapo wanaozunguka mitaani na mashine ya saluni, mbwa akiwa mkali wanamdunga sindano ya usingizi ndo wamnyoe. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003 inataka anayetibu wanyama awe ametambuliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, kwa hiyo kabla hajafungua bomba la sindano mwombe cheti, soma jina, linganisha na kitambulisho chake, asipokuwa nacho mzuie na utoe taarifa ofisi ya mifugo ya kata yako, atashughulikiwa kisheria. Na wewe mwenye mbwa hauko pembeni, Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inakuwajibisha kwa mateso ya mnyama wako, kesi inafika mahakamani. Kadi ya chanjo pia tutaiulizia, chanjo ya kichaa inaanza akiwa na miezi mitatu na inarudiwa kila mwaka, kadi iliyopitwa tarehe kwetu haihesabiki.

Banda la bati tupu juani ni oveni, hata kwa mbwa wetu wa kienyeji. Weka nyasi juu ya bati, acha upepo upite, maji yasikauke. Ukishuka naye Kyela, kule bondeni kando ya Ziwa Nyasa, joto ni jingine kabisa, usimfungie kwenye gari. Ukiona anahema bila kukoma, mate mazito, fizi nyekundu sana, anayumba, mpeleke kivulini mmwagie maji ya bomba huku unayafungua manyoya kwa vidole yafike kwenye ngozi, mpepee, ndo umkimbize kwa daktari. Taulo mbichi usimfunike ukaiacha, inashika joto.

Kama umeshamnyoa, mweke kivulini kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, usiku apate pa kulala pakavu pasipo na upepo, na msimpake oili chafu ya gari, ile ni sumu, anailamba yote. Miezi ikipita manyoya hayaoti mlete tumpime, kuna matatizo ya homoni yanayozuia na hayo yana dawa yake.