Pipa Tupu Ndilo Linalolipuka: Dhana Potofu Kuhusu Kemikali Zinazovukiza

Kila ninapokagua ghala la kemikali au yadi ya malori, kuna maneno nayasikia kabla sijavaa hata kofia ngumu: "Hayo ya pale usijali, ni matupu." Mmoja anasema ya mapipa, mwingine ya lori la tangi, mwingine ya tangi kubwa la kuhifadhia ambalo mafundi wanataka kuingia kesho. Mapipa yaliyojaa yamepangwa vizuri, vibandiko vinasomeka, ukuta wa kuzuia umwagikaji upo na mitungi ya kuzimia moto iko karibu. Yale "matupu" yamerundikwa nyuma, vizibo wazi, hatua chache kutoka anapochomelea fundi. Nimeyasikia maneno hayo kupita kiasi, ndiyo maana nayaandikia, pamoja na mengine machache yanayofuatana nayo.

"Likiwa tupu halina hatari"

Kwa vimiminika vingi ukweli ni kinyume kabisa. Kinachowaka ni mvuke uliochanganyika na hewa kwa kadiri fulani, wala si kimiminika chenyewe. Mvuke wa petroli hushika moto ukiwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya mchanganyiko huo. Ukipungua hapo ni hafifu mno, ukizidi hapo oksijeni haitoshi. Pipa la petroli lililojaa lina nafasi ndogo tu juu, na nafasi hiyo ina mvuke mwingi uliokwishapita kiwango cha juu. Sasa limimine. Kila lita inayotoka inaivuta lita ya hewa iingie. Mvuke unapungukiwa, hewa inazidi, na kabla pipa halijakauka mchanganyiko umeshaingia kwenye kadiri ya kulipuka. Ni wakati huo huo ndipo watu wanapolihamishia kwenye rundo la yasiyo na hatari.

Jibu ninalopewa ni kwamba kilichobaki ni kidogo sana. Kidogo kiasi gani? Chukua pipa la lita 200 lililobeba toluini, kiyeyusho cha rangi, ambayo huanza kuwaka ikifika kama asilimia 1.1 ya hewa. Kulifikisha pipa zima hapo kunahitaji lita mbili na ushei za mvuke, na mvuke huo hutokana na mililita kama 10 za kimiminika. Ni vijiko viwili vya chai. Kiasi hicho hakitoki hata ukilipindua pipa likae hivyo mchana kutwa. Kitako na mfuniko vimekunjwa kwenye mshono unaoacha mfereji mwembamba kuzunguka ndani, na tundu la kizibo liko juu kidogo ya mfereji huo pipa likiinamishwa vibaya. Mulika ndani kwa tochi isiyotoa cheche, utaona mstari wa unyevu umejipinda ukingoni. Huo ndio mnaouita kidogo.

Na si petroli peke yake. Toluini ikiachwa itulie ndani ya pipa lililofungwa, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, mvuke wake hupanda hadi karibu asilimia 3.7. Ethanoli hufika karibu 8, na kadiri yake ya kuwaka ni kati ya 3.3 na 19. Methanoli hufika kama 17, na yake ni kati ya 6 na 36. Maana yake kemikali hizi tatu, katika joto la kawaida la ghala, hujipeleka zenyewe katikati ya kadiri ya mlipuko. Zikiwa kwenye pipa lililojaa, nafasi hiyo ya hatari ni lita chache tu. Pipa likiisha, nafasi hiyo ni pipa zima.

Anayedhani haya ni ya makaratasi atazame yaliyotokea baharini. Desemba 1969, meli tatu kubwa sana za mafuta, Marpessa, Mactra na Kong Haakon VII, zililipuka ndani ya mwezi mmoja. Hakuna iliyokuwa na shehena. Zote zilikuwa zikirudi bila mzigo huku matangi yakioshwa kwa maji ya shinikizo kubwa, na uchunguzi ulielekeza kidole kwenye ukungu wa maji uliobeba umeme tuli ndani ya matangi yenye mvuke. Marpessa ilizama. Kutokana na misiba hiyo ndipo meli za mafuta zikaanza kulazimishwa kujaza matangi gesi isiyowasha, oksijeni ishuke na isizidi asilimia 8. Angani nako, Julai 1996, ndege ya TWA 800 iliyolipuka karibu na New York ikiwa na watu 230 ilikuwa na galoni kama 50 tu katika tangi la katikati linalobeba karibu galoni 13,000. Mitambo ya kupoza hewa iliyo chini ya tangi hilo ililipasha joto ndege ikiwa bado ardhini, na mafuta yale machache yakatosha kulijaza mvuke. Yangekuwa mengi, yangechelewa kupata joto.

Hapo pana somo kwa wenye mapipa ya dizeli, vilainishi na resini. Wao hunijibu kwamba bidhaa yao haivukizi. Haivukizi pipa likiwa limekaa. Fundi akiweka mwali wa gesi ya kukatia kwenye bati, lile gundi lililoganda ndani linachemka, linatoa mvuke, na mwali unaousubiri uko pale pale mkononi mwake. Mfuniko ndio hutangulia kung'oka, na aghalabu fundi amesimama mbele yake kwa sababu ndipo kazi ilipo.

"Tumelisuuza kwa maji." Toluini, petroli na thina hazichanganyiki na maji, mnazungusha maji juu ya utando wa kemikali na kuyamwaga. Methanoli na asetoni zitaoshwa, ndiyo, kama maji ni ya kutosha na mshono umefikiwa. Hata hivyo kuosha ni hatua tu. Kinachothibitisha ni kipimo, nacho kipimwe juu, katikati na chini, kwa sababu karibu mivuke yote hii ni mizito kuliko hewa na hulala chini. Anayeninginiza kifaa kwenye mlango wa tangi sekunde kumi kisha akasaini kibali cha kazi ya moto amepima hewa ya nje. Tena tangi lililojazwa nitrojeni, gesi isiyowasha, lina mtego wake. Vifaa vingi vya kupima mvuke unaowaka huunguza mvuke kidogo ndani ya kihisi ili kuupima, hivyo vinahitaji oksijeni. Bila oksijeni vinaonyesha sifuri mvuke ukiwa tele. Anza na kipimo cha oksijeni, ndipo usome hicho kingine. Na kusoma sifuri hakumruhusu mtu kuingia. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, abaki nje.

Kanuni za usafirishaji zililimaliza suala hili zamani. Chombo ambacho hakijasafishwa kinasafirishwa kwa masharti yale yale ya chombo kilichojaa: vibandiko vibaki, vizibo vikazwe, hati ziandamane nacho. Dereva anayeng'oa vibandiko akishashusha mzigo anawanyima zimamoto taarifa pekee watakayoihitaji lori likipinduka.

Ushauri wangu ni ule ule ambao wateja wangu wanaujua kwa moyo. Pipa likiisha, rudisha kizibo na ukikaze kabla hujalisogeza, kibandiko usikiguse, lirudi kwenye eneo lile lile la yaliyojaa hadi litakapokwenda kwa mtu mwenye mtambo wa kulisafisha. Usilikate kamwe. Anayetaka nusu pipa kwa kazi nyingine anunue pipa jipya. Bei ya pipa haikaribii hata kidogo kile kinachowekwa rehani.

"Hapa hakuna moto, cheche itatoka wapi?"

Itatoka kwenye kimiminika chenyewe. Toluini, heksani na petroli hupitisha umeme vibaya sana, kwa hiyo zikikimbia ndani ya bomba au kupita kwenye chujio hujikusanyia umeme tuli na kubaki nao. Mivuke mingi ya jamii hiyo huwashwa na cheche ya milijuli 0.2 hivi. Cheche ambayo wewe unaanza kuihisi kidoleni huwa ni kubwa mara kadhaa kuliko hiyo. Kwa hiyo ile hoja ya "tumefanya miaka yote hatujaona cheche" haithibitishi chochote. Cheche inayotosha haionekani wala haihisiki.

Utaratibu unajulikana: waya wa athi, unaoupeleka umeme ardhini, ufungwe kabla kizibo hakijafunguliwa, ufunguliwe wa mwisho. Klipu yake ing'ate chuma kitupu. Nakuta klipu zimebanwa juu ya rangi au kutu, hapo hazishiki chochote. Bomba la kujazia lifike chini ya chombo, lisimwage kutoka juu. Mwendo uanze pole, mita moja kwa sekunde, hadi mdomo wa bomba uzame. Tangi kubwa likishajaa, subirini nusu saa kabla ya kushusha kijiti cha kupimia. Na wale wanaosema wamehamia vyombo vya plastiki kwa sababu plastiki haina umeme wamekosea mlango: plastiki haipitishi umeme, ndiyo maana hamna namna ya kuutoa. Ukiifunga athi umefunga waya kwenye kitu kisichousikia.

Lori lililoshusha petroli likapakia dizeli bila kusafishwa linaunganisha dhana hizi mbili. Mvuke wa petroli umebaki, dizeli inaingia kwa kasi na umeme wake. Mpakiaji anajiamini kwa sababu dizeli "haiwaki ovyo".

"Ingevuja tungesikia harufu"

Kiwango cha benzini, kimiminika chenye mvuke wa sumu, kinachoruhusiwa kazini nchini Marekani ni sehemu moja kwa milioni, na pua nyingi huanza kuinusa ikiwa imeshapita hapo. Isitoshe pua huchoka: anayeshinda ghalani haisikii harufu ambayo mgeni anaisikia mlangoni. Nunueni kifaa na mkikague kwa ratiba.

"Madirisha ya juu yanatosha"

Yanatosha kwa joto. Mvuke wa asetoni una uzito mara mbili ya hewa, wa toluini mara tatu. Unatambaa sakafuni, unaingia mitaroni, unafuata mteremko hadi ukutane na mota au swichi. Tundu za kutolea hewa ziwe karibu na sakafu, upande wa pili wa hewa inapoingilia. Kule Buncefield, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005, geji ya tangi la petroli ilikwama na swichi ya kuzuia kufurika haikufanya kazi. Petroli ikafurika juu ya tangi, mvuke ukasambaa ardhini kama ukungu hadi nje ya uzio, ndipo ukalipuka. Zaidi ya watu 40 walijeruhiwa.

"Nafasi isiyojazwa ni hasara"

Petroli hutanuka kwa karibu elfu moja ya ujazo wake kwa kila nyuzi moja. Tangi la lita 30,000 lililopakiwa alfajiri, likipata nyuzi 15 zaidi mchana, linatafuta mahali pa kuweka zaidi ya lita 400. Lisipopata, litapasua kiungo kilicho dhaifu. Hatari ni kubwa zaidi kwa gesi zilizogandamizwa zikawa kimiminika. Mwaka 1978, Los Alfaques nchini Hispania, lori lililopakiwa zaidi ya tani 23 za propilini katika tangi lililoruhusiwa kama tani 19 lilipasuka kando ya kambi ya watalii, wakafa watu 217.

Kinyume chake pia kipo, nacho ni kuziba tundu za kupumulia ili harufu isitoke. Tangi huhimili shinikizo la ndani kuliko linavyohimili kufyonzwa. Pampu ikivuta na tundu limezibwa kwa mfuko wa nailoni, chuma kinajikunja kuelekea ndani kwa dakika chache tu. Vali za kupumulia zina kazi, zisafisheni, msizizibe.

"Weka nitrojeni, utalala usingizi"

Kwa bidhaa nyingi, sawa. Kwa stairini, malighafi ya plastiki, hapana. Stairini hujiunga yenyewe kwa yenyewe ikitoa joto, joto linaharakisha kujiunga, na kadhalika hadi tangi lishindwe. Huzuiwa kwa kizuizi kiitwacho TBC, nacho hufanya kazi kukiwa na oksijeni kidogo iliyoyeyuka ndani ya kimiminika. Ukiifukuza oksijeni yote kwa nitrojeni, kizuizi kipo kwenye cheti lakini hakifanyi kazi. Joto la jirani nalo hukila. Septemba 2019 meli ya Stolt Groenland ililipuka bandarini Ulsan, Korea Kusini, baada ya shehena yake ya stairini kupata joto kutoka kwa shehena zilizopashwa moto karibu yake. Hakuna aliyewasha kitu.

Kwa hiyo ukipokea stairini, usiridhike na tarehe iliyo kwenye cheti. Uliza kiasi cha kizuizi kilichobaki, kiasi cha oksijeni na nini kimepakiwa pembeni, kisha andika joto la tangi kila siku kwa saa ile ile. Likipanda siku mbili mfululizo na hali ya hewa haijabadilika, mpigie muuzaji siku hiyo hiyo, usisubiri ya tatu.