Hiyo "Ngazi" Ndiyo Mama Yao

Nimesahihisha tena jibu lile lile: "Glia radiali ni ngazi ambayo nyuroni hupanda kufika kwenye gamba la ubongo." (Nyuroni ni seli ya neva; glia radiali ni seli ya ubongo unaokua, yenye uzi mrefu.) Mmoja kachora mpaka vipandio. Nimempa nusu maksi, nusu nyingine nimeizuia kwa hasira.

Haraka haraka: nyuroni huzaliwa kando ya ventrikali (chumba cha majimaji ndani ya ubongo), hupanda juu, na zinazozaliwa baadaye huzipita zilizotangulia. Ndiyo maana, katika matabaka sita ya gamba yakihesabiwa kutoka juu, tabaka la 6 ni la wakubwa na la 2 ni la vitinda mimba. (Tabaka la 1 lina mambo yake, tuliache.) Watafiti Angevine na Sidman walilionyesha kwa panya mwaka 1961.

Sasa hiyo ngazi. Mtafiti Rakic alipoonyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyuroni za tumbili zikiwa zimeng'ang'ania nyuzi za glia, hakukosea. Zimeng'ang'ania kweli. Lakini ngazi huletwa na fundi, ikaegemezwa ukutani, kazi ikiisha ikarudi stoo. Hii nani kaiegemeza? Kufikia 2001 ilishaonekana wazi kwamba glia radiali yenyewe hugawanyika na kuzaa nyuroni. Anayepandwa ndiye mzazi! Mtoto anapanda mgongoni kwa mama, na mama naye, huku kambeba, anajigawa kuzaa mwingine, uzi wake mrefu ukiwa haujakatika. Ngazi gani hiyo inayopata mimba?

Na huko kupanda kwenyewe si kuteleza. Seli hutanguliza mkono, sentrosomu (kituo cha kupangia mirija ya ndani ya seli) husogea mbele, kisha kiini huburutwa na dainini (protini-injini) juu ya mikrotubuli (ndiyo hiyo mirija): kinavutwa, kinatulia, kinavutwa tena. Nakala moja ya LIS1, jeni inayoisaidia dainini, ikiharibika, uburutaji huo unakwama, na mtoto huzaliwa na ubongo laini, mikunjo haipo au ni michache.

Tena nyuroni nyingi za GABA (kemikali ya kutuliza nyuroni nyingine) za panya hazipandi njia hiyo hata kidogo. Huingia kwa ubavuni, zimetoka chini kabisa ya ubongo wa mbele.

Kuhusu reelini, protini inayoongoza upangaji wa matabaka, slaidi zangu bado zinasema ni "breki" ya kusimamisha nyuroni, na kila mwaka nalisoma neno hilo kwa sauti ndogo zaidi. Panya wenye kasoro ya jeni waitwao reeler hawana protini hiyo, wanapepesuka (lawama kubwa ni ya serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo), na matabaka yao yamekaribia kupinduka juu chini. Hata hivyo nyuzi kutoka thalamasi (kituo cha ndani ya ubongo kinachopeleka taarifa za hisi kwenye gamba) huzifuata nyuroni za kuungana nazo huko huko zilikopotelea. Mwanafunzi akiniuliza mpangilio wote huu basi ulikuwa wa nini, huwa naangalia saa.