Jasho la Jumamosi Halifiki Jumatano

Jumamosi alfajiri barabara za Dodoma hujaa vikundi vya jogingi: fulana za rangi moja, filimbi mbele, nyimbo nyuma. Ni jambo jema, na moyo hufaidika. Ila kwa aliyekwishaambiwa sukari yake imepanda kidogo, siku moja kwa wiki haitoshi, na sababu iko ndani ya msuli wenyewe.

Msuli unaofanya kazi hufyonza sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini, homoni inayoingiza sukari mwilini, ni haba. Zoezi likiisha, hubaki mwepesi kuitikia insulini kwa saa 24 hadi 48 hivi, kisha hurudi ulipokuwa. Aliyekimbia Jumamosi, kufika Jumanne ameanza upya. Ndiyo maana mwenye kisukari hushauriwa asipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Presha nayo hushuka kwa saa kadhaa baada ya kutembea, na anayerudia karibu kila siku ndiye anayebaki na nafuu hiyo.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Nusu saa kwa siku tano inatosha kuanzia, na tangu mwongozo wa 2020 hata dakika tano tano zinahesabika. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari waliwekewa lengo la dakika 150 kwa wiki na kupunguza asilimia 7 ya uzito. Uwezekano wao wa kuugua ulipungua kwa asilimia 58.

Wastani ni mwendo gani? Hatua 100 kwa dakika, yaani 25 kila sekunde 15. Unaweza kuongea, lakini kuimba huwezi. Kuzurura Soko la Majengo ukisimama kila genge hakumo.

Mtumishi wa Mtumba, mji wa serikali, hukaa kwenye gari, kisha kwenye kiti, kisha kwenye gari tena. Nafasi yake nzuri ni baada ya ugali au wali wa mchana: dakika 10 hadi 15 za kutembea hupunguza kupanda kwa sukari kunakofuata mlo. Oktoba na Novemba, jua la saa saba si la kuchezea, hivyo atumie korido na ngazi za jengo. Matembezi marefu yawe saa 12 asubuhi au saa 11 jioni.

Mkulima wa Bahi au Chamwino hahitaji kuambiwa habari za jasho wakati wa kulima na kupalilia. Tatizo lake ni kiangazi, kazi ya jembe ikisimama na bodaboda ikimpeleka hata dukani. Mwili hauna ghala la kuhifadhi jasho la masika.

Mara mbili kwa wiki, ongeza mazoezi ya nguvu: inuka kitini bila kushika popote mara 10, pumzika, rudia raundi tatu. Usibane pumzi, maana presha hupanda ghafla. Kama kipimo chako kimefika 180/110, nenda kituo cha afya kwanza. Maumivu ya kifua yakianza njiani, simama na utafute msaada.

Anayetumia insulini au glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, apime sukari kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5.6 mmol/L, ale kwanza, ndizi moja kwa mfano. Akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, anywe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, akae dakika 15, apime tena.

Halafu miguu, sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Njia zetu zina mchanga na miiba, na aliyeshikwa ganzi kwenye nyayo hasikii punje iliyoingia kiatuni. Anatembea nayo nusu saa, jioni kuna lengelenge, wiki mbili baadaye ni kidonda. Kandambili ziachwe nyumbani. Kung'uta raba kabla ya kuvaa, pitisha mkono ndani, vaa soksi kavu. Ukirudi, kagua nyayo na katikati ya vidole. Kama huoni vizuri, weka kioo chini au mwombe mtoto akuangalizie.