Kurasa sita kutoka Mulago: dhana potofu kuhusu uzito wa mtafiti wa saratani

Mtafiti anapoomba kupandishwa cheo, swali la kwanza huwa ni lilelile: ana makala ngapi, na zimenukuliwa mara ngapi? Hesabu hiyo ina kazi yake. Lakini imejenga imani ambazo, nikizipima kwa yaliyotokea hapa kwetu Afrika Mashariki, naona zinawadhulumu watafiti, hasa walio mbali na maabara kubwa.

Dhana: Makala nzito hutambulika mara inapotoka.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Dkt. Hugh Trowell alimwita daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Enniskillen, Ireland, amtazame mtoto aliyevimba taya la juu na la chini, kushoto na kulia. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, Burkitt akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna hiyohiyo. Alirudi Mulago akapekua mafaili ya hospitali na kukuta wengine wengi. Mwaka 1958 akachapisha makala ya kurasa sita katika British Journal of Surgery.

Hapakuwa na kishindo. Jarida lilikuwa la wapasuaji, wagonjwa walikuwa watoto wa Afrika, na waliokuwa wakitafuta chanzo cha saratani walikuwa wakisoma mambo mengine. Kilichoivusha kazi ile ni mhadhara. Machi 1961 Burkitt alizungumza katika Middlesex Hospital, London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Baada ya hapo vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Matokeo hayakuja upesi. Mwaka 1964 ndipo Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walipotangaza katika The Lancet kwamba wameona virusi ndani ya seli hizo. Vikaja kuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kutoka 1958 hadi 1964 ni miaka sita. Kipimo maarufu cha hadhi ya majarida huangalia manukuu ya makala za miaka miwili tu iliyotangulia! Kwa kipimo hicho, kazi ya Mulago ingekuwa imeshafungiwa kabatini.

Dhana: Ugonjwa ukibeba jina la mtu, kazi yote ni yake.

Ugonjwa ule leo huitwa limfoma ya Burkitt, lakini Burkitt mwenyewe aliuita sarkoma, yaani saratani ya mifupa, misuli na nyama za namna hiyo. Waliobainisha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga, ni wataalamu wa patholojia wa Kampala, Gregory O'Conor na J.N.P. Davies. Miongo kadhaa kabla yao, Albert Cook wa Hospitali ya Mengo alikuwa ameshaweka kumbukumbu za uvimbe kama huo. Na Burkitt alipoondoka Kampala mwaka 1961 kwa gari kuukuu, akazunguka maili 10,000 hivi hadi kusini mwa Afrika akiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wameuona uvimbe huo, alikuwa na Ted Williams na Cliff Nelson. Tena kuna wazazi waliowabeba watoto wao hadi Mulago, na wauguzi waliowapokea. Hakuna orodha ya waandishi iliyowataja, na hilo linaniuma.

Dhana: Mtafiti mwenye ushawishi ni yule asiyekosea.

Ramani ya safari ile ilionyesha ugonjwa ukifuata maeneo ya joto na mvua, na kutoweka nyanda za juu zenye baridi. Burkitt akadhani virusi huenezwa na mbu. Sivyo: huenea kwa mate, tena duniani kote. Lakini ramani ilikuwa sahihi, kwa kuwa mbu huleta malaria, na ni malaria inayompiga mtoto mara kwa mara inayovipa virusi hivyo nafasi ya kuzaa saratani. Dhana yake ya mbu iliyokosea ndiyo iliyowaelekeza wengine kwenye malaria, hata Mara ya Kaskazini, Tanzania, watoto wakapewa klorokwini, dawa ya malaria, katika utafiti wa kupima uhusiano huo.

Dhana: Makala isiponukuliwa tena, imekufa.

Hapana. Daktari wa watoto Mwanza au Kisumu leo huandika "Burkitt" kwenye faili la mgonjwa bila kuitaja makala ya 1958, na hakuna mashine inayolihesabu neno hilo. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyofunguliwa Mulago mwaka 1967, ilianza kwa kuwatibu watoto wenye ugonjwa huu kwa dawa, wakati ambapo kwingi duniani saratani bado ilikuwa ni kisu na mionzi. Baadhi ya watoto hao walipona, wakarudi kwao.