Njegere za nyuma ya nyumba: usizipande kama maharagwe

Wanaokuja kwenye ofisi yetu ya ugani kulalamikia njegere huwa na kilio kimoja: zimeota vizuri, zimerefuka, zimetoa maua, halafu maua yamepukutika na maganda hayakuonekana. Tukiuliza zilipandwaje, tunajibiwa, "Kama maharagwe tu." Basi hapo ndipo penye shida.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Njegere ninazozisema ni zile za kumenya, ambazo akina mama wa soko la Nakasero, Kampala, huzitoa kwenye maganda na kuzifunga katika kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Kwa Kiganda ni kawo, Wakiga wanaziita obushaza, na aliyekulia ng'ambo ya mpaka wa Busia, upande wa Kenya, atakwambia minji.

Maharagwe hupenda joto, njegere ni mmea wa baridi. Hustawi zaidi kwenye nyuzi joto 13 hadi 21 hivi, na mchana ukipanda kupita 27 maua mengi hudondoka kabla hayajafunga. Ndiyo sababu Kabale, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, njegere humea bila kubembelezwa, ilhali Kampala, kwenye mita 1,200 hivi, lazima uzipigie hesabu. Hesabu yenyewe huanzia kwenye maua. Njegere huanza kutoa maua yapata wiki ya sita au ya saba tangu kupandwa, na miezi yetu yenye ubaridi ni Juni na Julai. Kwa hiyo panda mwishoni mwa Aprili. Usikimbilie mvua ya kwanza ya Machi kwa kuwa jirani anapanda maharagwe. Mvua ikikatika Juni, mwagilia kila udongo unapoanza kukauka. Msimu wa pili panda mwishoni mwa Septemba, ili maua yawahi kabla ya jua la Januari. Mimi mara yangu ya kwanza nilipanda Desemba. Nilipata majani ya kupigia picha, na maganda manne. Niliyahesabu.

Mahali pazuri ni upande wa mashariki wa nyumba: jua la asubuhi lote, kisha kivuli saa nane mchana. Pembeni mwa migomba pia panafaa, ila si chini yake kabisa. Tandaza nyasi kavu ili mizizi isiungue. Asiye na kiwanja akate jerikeni au atumie gunia, mradi chini pametobolewa maji yatoke, na achague aina fupi.

Sasa mimina mbegu kiganjani uzitazame. Zile zilizokunjamana kama ngozi ya bibi ndizo tamu, kwa sababu zina sukari nyingi na wanga mdogo. Zile za mviringo, laini, zina wanga mwingi. Kawo kavu za sokoni mara nyingi ni hizo. Zitaota, lakini utamu wake si wa kula mbichi. Tatizo la zilizokunjamana ni kwamba huoza haraka udongo ukituama maji, kwa hiyo zipandie kwenye tuta lililoinuka. Mbegu iliyopakwa rangi imetiwa dawa: haipikwi, hata ikibaki, na mikono inaoshwa baada ya kuishika.

Zifukie kina cha sentimita 3 hadi 5, mbegu na mbegu zikiachana sentimita 5 au zaidi kidogo, mistari nusu mita. Ndani ya siku 7 hadi 10 zitachomoza. Hapa utaona tofauti nyingine na maharagwe. Harage huinua vile vipande viwili vya mbegu hadi juu ya udongo, na ndege akivikata pamoja na kikonyo, mche umekwisha. Njegere huviacha chini. Kuku akidonoa ncha, usiung'oe mche kwa hasira. Mara nyingi huchipua tena kutoka chini ya udongo.

Tofauti ya tatu ni ya mti wa kutambalia. Harage hujizungusha lote kwenye mti, hata uwe mnene kama mkono. Njegere hushika kwa vikono vyembamba kama uzi vinavyotoka kwenye ncha za majani, na vikono hivyo haviwezi kuukumbatia mti mnene. Chomeka vijiti vyembamba vyenye matawi, au funga kamba mlalo kila baada ya sentimita 15. Fanya hivyo siku ya kupanda.

Mbolea iwe kidogo. Samadi iliyooza vizuri yatosha. Ukimwaga mbolea ya kuku mbichi au urea utapata msitu wa majani, kwani njegere hujitafutia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Ng'oa mche mmoja wakati wa maua, upasue kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu-waridi ndani, kazi inafanyika.

Vidukari wafyonzao ncha changa hupunguzwa kwa maji ya sabuni jioni. Unga mweupe juu ya majani ni ugonjwa wa ubwiriunga, hupenda siku kavu. Kung'olewa kwa miche iliyozidiwa husaidia. Madoa ya kahawia nayo huja na mvua nyingi. Usirudie njegere pale pale kwa miaka mitatu.

Kuvuna ni siku 60 hadi 80, kutegemea aina. Ganda lijae lakini bado ling'ae, likififia, umechelewa. Shika shina kwa mkono mmoja, chuma kwa mwingine, maana shina hukatika upesi. Rudi kila baada ya siku mbili, kwani maganda yakizeeka juu ya mmea, mmea huacha kutoa maua. Chuma wakati sufuria iko karibu: sukari huanza kupungua saa ile ile ganda linapotoka shinani. Kilo moja ya maganda haikupi nusu kilo ya njegere, basi panda mistari kadhaa ama usijisumbue.

Ukitaka mbegu yako, acha miche miwili mitatu bila kuchuma hadi maganda yakauke na kuchakarika. Njegere hujichavusha zenyewe, hivyo ulichopanda ndicho utakachopata. Zianike kivulini, changanya na majivu makavu, kisha zifunge kwenye chupa na uandike mwezi wa kuvuna.