Spektroskopia ya Tezi Dume: Vita Yetu ni na Mafuta na Gesi

Madaktari wa mkojo hapa Nairobi huniuliza: kama spektroskopia, yaani kupima kemikali za mwilini kwa mashine ya MRI (ile ya kupiga picha kwa sumaku), inasoma kemia ya tezi dume, mbona ripoti za MRI hazina habari nayo? Nawajibu kwamba ilihukumiwa kabla haijakomaa.

Kemia yenyewe haina ubishi. Seli zenye afya za tezi dume hulimbikiza zinki, na zinki huzuia sitrati isivunjwe. Zikigeuka saratani, zinki hupotea na sitrati hushuka. Kolini nayo hupanda, maana seli zinajenga utando kwa kasi. Kwenye grafu kila kemikali ina kilele chake: sitrati hukaa karibu na 2.6 ppm (sehemu kwa milioni, kipimo cha masafa), kreatini 3.0, kolini 3.2. Hizi mbili za mwisho husongamana, kwa hiyo tunazijumlisha kisha tunagawa kwa sitrati. Jibu likiwa kubwa, tunashuku.

Tatizo ni majirani. Tezi imezungukwa na mafuta, na mawimbi yake, pamoja na ya maji, humeza kabisa sauti ya sitrati. Mbinu ya zamani, PRESS, huchagua kisanduku cha kupima, lakini kila kemikali huchaguliwa kisanduku kilichosogea kidogo kando ya cha mwenzake. Kwenye sumaku ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) msogeo huo huongezeka, na mafuta hupata pa kupenyea.

Mbinu mpya zaidi, semi-LASER, ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Mipigo yake ya adiabatiki, isiyoyumba hata nguvu ya mpigo ikibadilika, ina masafa mapana, hivyo visanduku hukaribia kulingana na kingo zake hukatika vizuri. Imewezesha pia kupima kwa Tesla 3 bila ile koili (antena ya kupokea mawimbi) ya kuingizwa njia ya haja kubwa, ambayo hakuna mzee aliyewahi kuipenda.

Lakini utafiti uliofanywa katika vituo kadhaa Marekani, uliochapishwa 2009, ulitumia Tesla 1.5 na koili hiyohiyo, na haukuona spektroskopia ikiongeza usahihi wa kuonyesha saratani ilipo. Mwongozo wa PI-RADS wa 2012, wa kusoma MRI ya tezi dume, uliitaja spektroskopia. Toleo la pili la 2015 likaiacha. Sikatai matokeo hayo. Nakataa kuyabebesha mbinu ya leo.

Watafiti wa San Francisco walikwenda mbali zaidi: 2013 walichapisha matokeo ya kuwadunga wanaume piruveti (kemikali itokanayo na sukari) ya kaboni-13 iliyoongezwa nguvu ya mawimbi zaidi ya mara 10,000. Inavutia, ila ni ghali na nguvu hiyo huyeyuka upesi mno. Mimi napigania kwanza programu bora za kupimia kwenye sumaku tulizonazo.

Na maandalizi. Gesi kwenye utumbo huvuruga uga wa sumaku palepale nyuma ya tezi.

“Mzee, leo umeenda haja kubwa?”

“Bado, daktari. Na jana usiku nilikula githeri.”

Hapo najua vilele vitatanuka na kuingiliana, hata nikisawazisha uga mpaka jasho linitoke. Afadhali aende msalani kwanza, tumsubiri.

Damu ya baada ya biopsi (kuchukua vipande vya tezi kwa sindano) nayo huharibu usomaji, hivyo heri kungoja angalau wiki 6. Wenzangu mnaotuma wagonjwa, andikeni tarehe ya biopsi kwenye fomu.