Myrmarachne: buibui anayejifanya sisimizi, na mmoja wao yuko hapa kwetu ziwani

Myrmarachne ni jenasi, yaani kundi moja ndani ya ile familia kubwa ya buibui wanaoruka, Salticidae, wale wadogo wenye macho mawili makubwa mbele wanaokugeukia ukiwasogelea ukutani. Jina lilitolewa mwaka 1839, spishi zake zinapita mia moja, nyingi ziko Afrika, Asia na Australia kwenye joto, na kinachowaunganisha ni kwamba wanafanana na sisimizi kiasi kwamba mtu anaweza kupita karibu nao maisha yake yote asijue ni buibui.

Kazi yenyewe sio ndogo. Buibui ana sehemu mbili za mwili na miguu minane na hana papasi (vile vipapasio vya kichwani), sisimizi ana sehemu tatu, miguu sita na papasi mbili kichwani, sasa utatokaje huku ufike kule? Huyu mwili wake umekuwa mrefu na mwembamba, ile sehemu ya mbele ambayo kwa buibui wengine ni kitu kimoja kwake imebonyea katikati ionekane kama kichwa na kifua, na spishi zingine zina vinyweleo vyeupe pale pale penye mbonyeo, ukiangalia haraka unaona kiuno. Bei yake ipo: mwili mwembamba hauna nafasi, kwa hiyo jike anabeba mayai machache.

Lakini mimi naona umbo ni nusu tu ya habari, mwendo ndo wenyewe. Watu wengi wanaamini anatembea kwa miguu sita na ile miwili ya mbele anaiinua muda wote kama papasi. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitoa matokeo yao, walikuwa wamempiga picha kwa kamera za kasi sana yule anaitwa Myrmarachne formicaria, wakakuta anatembea kwa yote minane, afu anasimama kidogo sana, kama sehemu ya kumi ya sekunde, anainua miguu ya mbele anaitikisa, anaendelea. Jicho letu halishiki hicho kituo ndo maana tunaona papasi zinacheza bila kukatika. Na hata njia anayopita ni ya kwenda kushoto kulia kushoto kulia, vile sisimizi anavyofanya akifuata harufu ya wenzake, wakati buibui wengine wanaoruka wanakimbia kidogo, wanasimama, wanakimbia tena.

Kwa nini ajisumbue hivyo? Kwa sababu sisimizi hapendwi. Anauma, wengine wanamwaga asidi, na ukimgusa mmoja anaita wenzake, kwa hiyo vunjajungu, nyigu wawinda buibui na buibui wengine wengi wanampisha. Mnyama asiye na silaha akivaa sura ya mwenye silaha, wataalamu wanaita uigaji wa Bates, kutokana na Mwingereza Henry Walter Bates aliyeandika habari hiyo mwaka 1862 baada ya kukaa miaka mingi Amazon akiangalia vipepeo. Ila pia kuna wanyama ambao chakula chao ni sisimizi, hao wakimwona huyu wanakuja mbio, hapo inabidi ajioneshe kwamba ni buibui.

Sasa njoo hapa nyumbani. Kando ya ziwa Victoria, upande wa Kenya na upande wetu Uganda, kuna Myrmarachne melanotarsa, spishi iliyopewa jina mwaka 2002 tu, milimita chache, anaiga wale sisimizi wadogo weusi wa jenasi Crematogaster wanaoinua tumbo juu ya mgongo wakikasirika. Huyu kwangu ndo bingwa wao wote, kwa sababu buibui kwa kawaida anaishi peke yake lakini hawa wanaishi wengi, viota vya hariri vimeunganishwa kimoja na kingine, na wanatembea kikundi. Ximena Nelson na Robert Jackson waliwafanyia utafiti, wakaonesha mwaka 2009 kwamba maadui wanakiogopa kikundi kuliko mmoja peke yake, yaani hawaigi sisimizi tu, wanaiga msafara wa sisimizi! Na hawajilindi tu: jike wa buibui mwingine akiwa amelalia mayai yake akiwaona wanakuja anadhani ni sisimizi, anakimbia anaacha kiota, wao wanaingia wanakula mayai na watoto. Mtu anayesema wadudu wa ziwani ni wale tu wanaopanda kama moshi jioni wakatujaa kwenye taa, hajaangalia shina la mti vizuri.

Dume ana shida yake, taya zake ni ndefu mno zinatokeza mbele, zinaharibu umbo. Kumbe kwa anayemwinda inaonekana ni sisimizi aliyebeba kitu mdomoni, basi uigaji unabaki, isipokuwa wale wanaokula sisimizi wanampenda zaidi maana sisimizi aliyebeba mzigo hawezi kuuma.

Ukitaka kumjua, chagua mti wenye sisimizi, mwembe kwa mfano, tafuta mmoja asiyefuata mstari wa wenzake na anayewakwepa wakimkaribia. Angalia mbele ya uso, macho mawili makubwa yanang'aa, sisimizi hana hayo. Mguse taratibu kwa jani: sisimizi atakimbia au atauma, huyu ataruka au atajiachia chini na utaona uzi mwembamba unamshikilia hewani, afu anapanda huo huo kurudi. Hamdhuru mtu, kwa hiyo dawa ya kupuliza iache ndani ya nyumba.